Daraja la Sura ya Tisa: Uchambuzi wa Kisa cha Riwaya Iliyoandikwa kwa Dadu

Katika sura ya tisa ya riwaya ninayoichambua hapa, shujaa ambaye msomaji ameandamana naye kwa zaidi ya kurasa 200 anakanyaga ubao uliooza kwenye daraja la kamba, anateleza, anatumbukia korongoni na kufa. Hakuna adui aliyemsukuma, hakuna laana iliyotimia juu yake, wala hakuna mwenzake aliyemsaliti. Mwishoni mwa sentensi inayotaja kifo hicho pamewekwa alama ndogo ya tanbihi, na msomaji akishusha macho hadi chini ya ukurasa anakuta mstari mmoja tu: “Wepesi, dadu ya pande ishirini: 1.” Aya inayofuata inaanza na wenzake wakibishana nani arithi kamba yake ya akiba iliyobaki kwenye mzigo wa punda, kamba ambayo, tunaelezwa bila haya, ina uzito wa kilo nne na nusu.

Msomaji mmoja alifunga kitabu pale pale, akakipa nyota moja na kuandika kwamba ameibiwa. Mwingine alikipa nyota tano, akaeleza kuwa amesoma riwaya za njozi tangu ujanani na hii ilikuwa mara ya kwanza kumhofia mhusika kwa dhati, kwa sababu baada ya ukurasa ule aliamini kwamba yeyote anaweza kufa wakati wowote. Wote wawili walitaja ukurasa ule ule, na hawakuwa peke yao. Ukichukua maoni yote yaliyoachwa na wanunuzi, pamoja na barua chache ndefu alizotumiwa mwandishi mwenyewe, unakuta nyota moja na nyota tano zimerundikana kwenye ncha mbili, na katikati karibu patupu. Wastani wake ni tatu, yaani wastani ule ule ambao kingeupata kitabu cha kawaida ambacho kila mtu amekiona ni cha kupitishia muda. Kwa kitabu cha aina hii wastani ni namba isiyosema lolote.

Niliingia katika kisa hiki pale mwandishi aliponitumia bahasha yenye maoni hayo yaliyochapwa, akiwa ameyapigia mistari kwa kalamu ya rangi mbili, pamoja na swali moja tu: je, katika toleo la pili aziondoe dadu? Alinichagua kwa sababu kazi yangu ni kuhariri miswada na kwa sababu nimecheza michezo ya kuigiza wahusika kwa miaka mingi, kwa hiyo kambi zote mbili za wasomaji wake, wapenda fasihi na wachezaji, ni kambi zangu. Jina lake na la kitabu nimeyaacha, kwa makubaliano yetu.

Kwa asiyeijua michezo hiyo, maelezo machache yanatosha. Watu wachache huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake ambaye sifa zake, kama vile nguvu, wepesi na busara, zimeandikwa kwa namba kwenye karatasi. Mmoja wao, mwongoza mchezo, husimulia dunia wanamosafiri na kuuliza wanafanya nini. Linapotokea jambo ambalo matokeo yake yana shaka, dadu hurushwa na namba ikaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 nchini Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa na vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000. Mwandishi wetu aliongoza mchezo kwa kundi lile lile la marafiki kwa muda mrefu, akatunza madaftari ya kila kikao, na siku kundi liliposambaratika kwa sababu za kawaida za maisha akaona madaftari yale yasiozee kabatini.

Uamuzi wake wa ajabu ulikuja baadaye. Hakunakili vikao vya zamani. Alichukua dunia ile na wahusika wapya, kisha akaandika riwaya nzima kwa kanuni za mezani, akijiongozea mchezo mwenyewe. Kila alipofika mahali ambapo mwandishi mwingine angeamua kwa kalamu, yeye alirusha dadu, akaandika kilichotoka na kuweka tanbihi. Aliniambia kwamba kugeuza matokeo kungekuwa udanganyifu. Kwa kuwa alijichapishia kitabu, kwa mfumo ambao nakala huchapwa kila inapoagizwa, hapakuwa na mhariri wa kumuuliza amdanganye nani, wala mchapishaji wa kuhofia mtaji wake. Hivyo ndivyo tulivyopata kitabu cha kurasa zaidi ya 600 ambacho kila sura inatanguliwa na karatasi ya mhusika, chenye ramani aliyoichora kwa mkono, na kiambatisho cha kurasa kumi na moja kuhusu aina za milango na ugumu wa kuivunja. Nakiri kwamba kiambatisho cha milango nilikisoma chote, na kwa furaha.

Wasomaji kadhaa walioghadhibika waliandika kana kwamba mwandishi ameleta uchafu wa mchezo ndani ya nyumba safi ya fasihi. Hapo historia haiwaungi mkono. Mchezo wenyewe ulizaliwa na riwaya, na Gygax hakuficha jambo hilo: kitabu cha mwongozo alichokitoa mwaka 1979 kina kiambatisho kinachoorodhesha waandishi waliomtia hamasa. Utaratibu wa mganga kukariri maneno ya uchawi na kuyasahau papo hapo anapoyatumia, ambao msomaji mmoja aliucheka kuwa ni upuuzi wa kimchezo, ulitoka katika hadithi za Jack Vance zilizochapishwa mwaka 1950. (Nasema mganga kwa makusudi, neno mchawi katika lugha yetu limebeba ubaya ambao mhusika huyu mpole, anayeogopa farasi, hastahili kubebeshwa.) Kisha mkondo ukageuka, mchezo ukaanza kuzaa riwaya. Mwaka 1978 Andre Norton alitoa riwaya ambayo wachezaji wanavutwa kuingia ndani ya dunia ya mchezo, na mwaka 1984 Margaret Weis na Tracy Hickman wakaanza mfululizo wa Dragonlance, ambao riwaya zake na michezo yake zilitengenezwa sambamba. Kwa hiyo mwandishi wetu alikuwa akipita njia iliyokwisha kukanyagwa. Tofauti yake na hao wa 1984 ni kwamba wao walimwonyesha msomaji safari na kumfichia meza, ilhali yeye aliiacha meza wazi, na dadu juu yake.

Hata hilo lina mfano. Nchini Japani, kuanzia mwaka 1986, jarida la Comptiq lilichapisha kumbukumbu za vikao vya mchezo, wachezaji wakizungumza na dadu zikitajwa, na kutokana na kumbukumbu hizo Ryo Mizuno akaandika riwaya ya Lodoss iliyotoka mwaka 1988. Angalia mgawanyo huo wa kazi: kumbukumbu ya kikao ilibaki kumbukumbu, riwaya ikawa riwaya. Msomaji wa kumbukumbu alijua tangu mwanzo kwamba anatazama watu wakicheza. Mwandishi wetu aliviweka vitu viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja, kimoja juu na kingine chini kwa herufi ndogo, na hakumwambia msomaji mahali popote, hata kwa dibaji ya aya moja, ni kipi kati ya hivyo anapaswa kukisoma kwanza.

Nilidhani, kabla ya kuyasoma maoni yote, kwamba mgawanyiko ungefuata mstari ulionyooka: wachezaji wangesifu, wasio wachezaji wangelaumu. Mcheza kwao hutunzwa. Kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Wachezaji walifurahia kutambua vitu vyao, kama vile tahadhari ya kugonga kila sakafu kwa fimbo ndefu, hofu ya kufungua sanduku lisilolindwa na mtu, na ugomvi usioisha kuhusu zamu za usiku. Mmoja aliandika kwamba amesoma mabishano ya zamu za usiku kwa sauti mbele ya mkewe ili athibitishe kuwa hakuwa amezua aliyomsimulia kwa miaka.

Lakini shutuma kali kuliko zote zilitoka kwa mchezaji mwenzao, mtu ambaye kwa mwandiko wake alionekana kuwa ameongoza vikao vingi. Hakulalamika kwamba dadu zimetumika. Alilalamika kwamba zimetumika vibaya. Mwongoza mchezo mwenye uzoefu, alisema, haombi dadu kwa kila hatua. Huomba pale tu ambapo kushindwa kutazaa jambo na kufaulu kutazaa jambo jingine. Kuvuka daraja mchana, bila upepo, bila anayekimbiza, si pahali pa kurusha dadu. Ukiirusha, umekubali kwamba mtu mmoja kati ya ishirini atakufa kwa kutembea.

Nilichukua kalamu nikamfuatilia shujaa tangu sura ya kwanza, nikihesabu tanbihi ambazo namba 1 ingeweza kumuua. Hadi kwenye daraja nilipata kumi na nne. Uwezekano wa kutoipata namba 1 katika mrusho mmoja wa dadu ya pande ishirini ni asilimia 95. Ukizidisha hivyo mara kumi na nne unabaki na asilimia 49 hivi. Maana yake ni kwamba shujaa alifika sura ya tisa akiwa na nafasi ya kuishi iliyo chini kidogo ya nusu, na kama angeendelea hadi mirusho arobaini, ambayo kwa kasi ile ingefika kabla ya kitabu kumalizika, nafasi yake ingeshuka hadi takriban asilimia 13. Mwandishi aliamini kwamba amemkabidhi mhusika wake kwa bahati. Ukweli ni kwamba alimhukumu kifo kwa wingi wa mirusho, na bahati iliamua tu ni katika sura ipi. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimehesabu pia mirusho ya punda.

Upande wa wasomaji wasiojua mchezo, malalamiko mengi yalikuwa ya haki, na nitayapitia haraka kwa sababu tiba yake ni nyepesi. Vitu vya kwenye mfuko vinahesabiwa kupita kiasi. Wahusika wanapachikwa lebo za maadili kutoka kwenye jedwali la mchezo, lenye visanduku tisa vinavyopatikana kwa kuvuka wema, ubaya na hali ya katikati na utii, uasi na hali ya katikati. Kisha wanatenda kama lebo inavyodai, hata pale ambapo mazingira yanadai vingine. Makosa ya chapa ni mengi, na jina la mto mmoja limeandikwa kwa namna tatu.

Lalamiko moja la upande huu linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, nalo ni la majeraha. Katika pambano la sura ya tano mlinzi wa msafara anapigwa upanga mara sita, na baada ya kila pigo anapigana kwa nguvu zile zile, anatania, hata anaruka ukuta; pigo la saba, ambalo ni mkwaruzo, linamwangusha kama gunia. Msomaji mmoja aliuliza kama mlinzi huyo ni mtu au ni mlango. Jibu limo katika pointi za uhai: kwenye kanuni za mchezo mhusika ana akiba ya pointi, kila pigo linapunguza, na maadamu haijafika sifuri yeye ni mzima. Arneson alieleza kwamba wazo hilo alilichukua kutoka kwenye kanuni za michezo ya vita vya meli. Kwa meli lina mantiki, kwa kuwa meli huweza kutobolewa mara kadhaa ikaendelea kupiga mizinga, hadi tundu la mwisho. Mezani, watu wenye damu na mifupa wanapotumia kanuni ya meli, kila mchezaji hujaza pengo kichwani mwake: pigo la kwanza lilikuwa uchovu, la pili lilipasua ngao. Mwandishi hakulijaza pengo hilo kwa maneno. Aliandika namba kwa lugha ya upanga, akamwachia msomaji kiumbe asiyeumia.

Turudi darajani, kwa sababu hapo ndipo nilipokuta jambo ambalo sikulitarajia. Miongoni mwa wasiojua mchezo walikuwemo watatu walioisifu sana sura ya tisa. Mmoja wao alimwandikia mwandishi barua mbili. Katika ya kwanza alisema kwamba alimpoteza ndugu yake kwa ajali isiyo na maana yoyote, na kwamba hajawahi kusoma riwaya ya njozi yenye ujasiri wa kumwacha mtu afe hivyo, bila kutimiza unabii na bila maneno ya mwisho. Barua ya pili ilikuja wiki chache baadaye, fupi na baridi. Alikuwa hajazisoma tanbihi. Alidhani ni marejeo ya ramani. Sasa amezisoma, na anahisi kwamba kile alichokiona kuwa ujasiri kilikuwa ni mtu amerusha dadu.

Barua hizo mbili nilizisoma mara nyingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya bahasha ile. Maneno ya hadithi hayakubadilika kati ya barua ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa herufi ndogo chini ya ukurasa. Kwa msomaji huyo kifo kilikuwa ajali, na ajali ni jambo analolijua. Tanbihi ilikigeuza kuwa uvivu wa mwandishi. Kwa mchezaji aliyetoa nyota tano, tanbihi ile ile ilikuwa hati ya uaminifu, uthibitisho kwamba mwandishi hakumbeba shujaa wake mgongoni. Kwa yule mwongoza mchezo mkali, ilikuwa ushahidi wa uongozaji mbovu. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba tatizo ni kuwapo kwa dadu. Tatizo ni mahali zilipowekwa, na hasa ni lini msomaji anaambiwa.

Anayecheza mezani anaelewa ninachosema bila maelezo marefu. Furaha ya dadu haimo katika namba iliyotoka. Imo katika ule muda mfupi kati ya mwongoza mchezo kutamka hatari na dadu kutulia: kila mtu anajua kinachohitajika, kila mtu anajua kitakachopotea, mkono uko juu, na meza yote imenyamaza. Taharuki inaishi hapo, na inakufa namba inapoonekana. Mwandishi wetu alipitia muda huo kila mara alipokuwa peke yake na dadu zake, moyo ukimdunda, lakini kwenye ukurasa hakuuweka. Msomaji alipewa tokeo kwanza, kisha, chini, maelezo kwamba kulikuwa na hatari. Ni sawa na kumweleza mtu kwamba jana ulimwekea dau lake akashindwa.

Dai hili linaweza kupimwa ndani ya kitabu chenyewe, na ndiyo sababu nalishikilia. Sura ya kumi na saba ina tukio la kufuli ambalo kambi zote mbili zililisifu, na hakuna hata msomaji mmoja aliyelilalamikia kwa sababu ya dadu, ingawa ukurasa wake una tanbihi tatu. Mwizi wa kundi amefungiwa na wenzake ghalani. Ana waya mmoja na anazisikia hatua za mlinzi zikizunguka jengo. Anamnong’oneza mganga kwamba kufuli za aina ile hufunguka mara moja kati ya majaribio sita, na kwamba kabla mlinzi hajarudi atapata nafasi ya kujaribu mara tatu. Mganga, ambaye anapenda hesabu kuliko anavyopenda kuishi, anajibu kwamba hiyo inawapa chini kidogo ya nusu. Hesabu yake ni sahihi: ni asilimia 42. Jaribio la kwanza linashindwa, hatua zinapita, la pili linashindwa na waya unapinda. Kabla ya la tatu mwizi anafuta jasho la kiganja kwenye sketi yake, na mwandishi anakaa na kiganja hicho kwa aya nzima.

Dadu zipo pale, tena dadu za kweli. Ameniapia kwamba hakuzigeuza. Lakini hatari imetamkwa na mhusika mwenyewe, kwa sauti yake, kabla ya tokeo. Msomaji asiyejua mchezo anasikia mtu mwenye ujuzi akipima nafasi yake, na anayejua mchezo anasikia dadu ikitikiswa. Tanbihi ikija baadaye haimpokonyi yeyote kitu. Philip K. Dick alifanya jambo la ukoo huo katika riwaya yake ya mwaka 1962 kuhusu Marekani iliyoshindwa vita: alieleza kwamba aliamua sehemu za msuko kwa kutumia I Ching, kitabu cha kale cha Kichina cha kupiga ramli, na ndani ya riwaya wahusika nao wanakiuliza kitabu hicho hicho. Msomaji anaona swali likiulizwa kabla ya kupata jibu, kwa hiyo bahati inakuwa sehemu ya hadithi badala ya kuwa siri ya jikoni.

Niliandika ripoti ya kurasa sita. Nilishauri dadu zibaki. Nilishauri pia kwamba kila mrusho ambao unaweza kuua utanguliwe na hatari iliyotamkwa ndani ya hadithi, na kwamba pale ambapo hatari haiwezi kutamkwa bila kuonekana upuuzi, mrusho wenyewe ufutwe. Kwa kipimo hicho mirusho kumi na minne ya shujaa ilipungua hadi mitano. Lebo za maadili zitoke. Mapigo ya upanga yaandikwe upya, yale ya mwanzo yawe uchovu, michubuko na ngao inayopasuka. Tanbihi zihamie mwisho wa kitabu, ambako anayezitaka atazifuata na asiyezitaka hatazikanyaga kwa bahati mbaya, na dibaji fupi imweleze msomaji mapema jinsi kitabu kilivyoandikwa.

Jambo moja lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kifasihi. Katika sura ya kumi na nne kundi linakutana na tufe linaloelea hewani, lenye jicho moja kubwa katikati na macho mengine madogo kumi juu ya vikonyo. Msomaji mmoja alionya, kwa upole, kwamba kiumbe huyo ana mwenyewe. Alikuwa sahihi kuonya. Kanuni za mchezo kama utaratibu hutumiwa na watu wengi, na tangu mwaka 2000 kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons iliruhusu kwa leseni wengine kutumia kanuni zake za msingi, lakini hati ya kanuni zilizotolewa chini ya leseni hiyo iliwataja kwa jina viumbe kadhaa, huyu akiwamo, kuwa mali ya kampuni ambayo wengine hawakuruhusiwa kuitumia. Mwezi Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, jambo lililopanua uhuru bila kuondoa haja ya kuangalia unachochukua. Mchezo wenyewe uliwahi kupita huko: katika miaka ya 1970 ulilazimika kuwaondoa hobbit, watu wafupi wa riwaya za Tolkien, kwa sababu ya haki za kazi hizo, na kuwapa jina jingine. Mwandishi alilibadilisha tufe lake kuwa kiumbe wa kwake, mti mkavu unaotazama, na kwa maoni yangu sura hiyo imekuwa bora zaidi kuliko ilivyokuwa.

Tulitofautiana kwa mambo mawili. La kwanza ni kiambatisho cha milango, ambacho nilishauri kipunguzwe kwa ajili ya wasomaji wa kawaida; alikataa, na moyoni nilishukuru. La pili lilikuwa zito. Alikuwa amewajibu baadhi ya waliompa nyota moja, mmoja mmoja, kwa maelezo marefu ya kanuni, akidhani kwamba wakielewa dadu wataelewa daraja. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu ambao hawakuwa wamesoma kitabu walianza kuzungumzia hasira za mwandishi. Nilimwomba aache kabisa. Alisema kwamba mezani mwongoza mchezo hujibu maswali. Nilimjibu kwamba mezani watu wamekuja kucheza naye, ilhali hawa wamenunua kitabu, na kitabu kinapaswa kujieleza wakati yeye amelala. Aliacha, ingawa ilimchukua miezi miwili.

Sura ya tisa mpya ilinifikia kabla ya nyingine zote. Daraja sasa lina mzee anayelilinda, na anapoulizwa kama ni salama anajibu kwamba kila watu ishirini wakivuka mmoja hafiki upande wa pili, ndiyo maana yeye hukaa upande huu. Wanabishana. Njia ya kuzunguka ni ya siku nne, na mganga ana homa isiyoweza kungoja siku nne. Shujaa anasema atatangulia, anaivua kamba yake ya akiba na kumkabidhi mwizi ili aishike hadi atakapofika. Kisha anavuka, na anakufa, kwa ubao ule ule.

Nilimpigia simu kumuuliza kama alirusha dadu upya, maana hatari ilikuwa imeandikwa upya, na kwa kanuni zake mwenyewe mrusho mpya ulistahili. Alinyamaza kidogo. Alisema ndiyo, alirusha, usiku wa kwanza tu baada ya kumaliza aya ya mzee, na ikatoka 14. Alikaa akiitazama hadi karibu alfajiri. Halafu akairudisha dadu kwenye mfuko wake, akaandika 1, na akafuta tanbihi.